Nusu Waone Hii, Nusu Waone Ile

Leo nataka tuzungumze habari za mlango wa duka. Si duka la mabati na makufuli, bali lile lililomo ndani ya simu: ukurasa ambao mnunuzi anaufungua, anautazama kwa pumzi mbili tatu, kisha ama ananunua ama anaondoka bila kuaga.

Binti wa dada yangu anauza kanga mtandaoni. Mzigo anauchukua Kariakoo, anaupiga picha sebuleni kwao, anauweka kwenye ukurasa wake, na bodaboda anampelekea mteja hadi mlangoni. Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, alinipigia simu sauti imejaa furaha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Habari za biashara?"

"Mjomba, nimeipata siri! Kile kitufe cha kuagizia kilikuwa cha kijani, nimeweka chekundu. Oda zimekuwa mara mbili."

Nilifurahi naye kwanza, maana furaha ya mtoto haikatwi katikati. Halafu nikamwuliza alikibadilisha lini. Akasema siku ya ishirini ya mfungo. Nikamwuliza, na mwaka jana siku ya ishirini ya mfungo, kabla hujakijua kitufe chekundu, oda zilikuwaje? Akanyamaza. Nanyi mnaonisikiliza mnalijua jibu. Kumi la mwisho ndipo kila nyumba inapohangaikia nguo za Idi, na safari hii lilikuwa limeangukia mwisho wa mwezi, mishahara imekwisha kuingia.

"Kwa hiyo mjomba unasema kitufe hakikufanya kitu?"

"Sijasema hivyo. Nasema hujui. Na mimi sijui."

Neno hilo, "sijui", ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Nimeona vijana wengi wenye akili na bidii wakibadilisha kurasa zao za biashara kila wiki, na kila mauzo yakipanda wanampa sifa mchoraji, yakishuka wanamlaumu mchoraji. Nayo mauzo yanapanda na kushuka kwa mambo mia: mishahara, ada za shule, mvua, mtandao kukatika, mechi kubwa, msiba mtaani. Ukilinganisha wiki hii na wiki iliyopita, umelinganisha kurasa mbili pamoja na hayo mambo mia yote, na huna namna ya kuyachambua.

Njia ya kuyachambua ipo, na si ngumu kuieleza. Usiweke ukurasa mpya baada ya ule wa zamani. Ziweke zote mbili kwa pamoja. Mgeni anapofungua, programu inamrushia shilingi: ikiangukia upande huu, anaona ukurasa wa kwanza, ikiangukia upande ule, anaona wa pili. Yeye hajui kama upo mwingine. Simu yake inawekewa alama ndogo, kidakuzi, ili akirudi kesho aone ule ule aliouona jana. Sasa Idi ikija, imezijia kurasa zote mbili. Umeme ukikatika Temeke, umezikatikia zote mbili. Mambo mia yale yamegawanyika pande zote kwa uzani ulio karibu sawa, na tofauti itakayobaki kati ya nusu hii na nusu ile imetokana na mambo mawili tu: ukurasa wenyewe, au bahati. Hiyo bahati nitairudia, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi.

Wenye kazi hii huiita jaribio la A na B. Mfano wake ninaoupenda kuliko yote haukuwa wa biashara hata kidogo. Ulikuwa wa siasa, Marekani, mwezi wa Desemba 2007.

Wakati huo Barack Obama alikuwa bado anashindania tiketi ya chama chake. Kampeni yake ilikuwa na ukurasa wa kuwapokea wageni wa tovuti, wenye picha juu na chini yake nafasi ya kuandika anwani ya barua pepe, na kitufe. Anwani hizo zilikuwa roho ya kampeni, kwa kuwa kupitia kwazo ndiko watu walikoombwa kuchangia fedha na kujitolea. Kijana mmoja aliyetoka Google, Dan Siroker, akapendekeza waache kubishana kuhusu ukurasa upi ni mzuri, wawaulize wageni wenyewe bila kuwauliza.

Wakatayarisha maneno manne ya kitufe. La zamani lilikuwa "Jisajili". Mengine yalikuwa "Jisajili Sasa", "Jiunge Nasi Sasa" na "Jifunze Zaidi". Juu yake wakatayarisha vitu sita vya kutazama, picha tatu na video tatu. Sita mara nne ni kurasa 24. Wageni 310,382 waliofika katika muda wa jaribio wakagawanywa humo, kama 13,000 kwa kila ukurasa.

Kabla ya matokeo, wafanyakazi wa kampeni walikuwa na ukurasa wa mioyo yao. Walipenda video moja. Naelewa kwa nini. Obama akizungumza alikuwa akiwasisimua watu, na hao waliokuwa ofisini wameacha kazi zao kumfuata kwa sababu ya sauti ile. Wangeambiwa wachague kwa kura, wangeiweka video hiyo na kulala usingizi.

Video zote tatu zilishindwa na picha zote. Hata picha iliyofanya vibaya kuliko nyingine iliishinda video iliyofanya vizuri kuliko nyingine. Kilichoshinda ni picha tulivu ya familia, Obama na mkewe Michelle na mabinti wao wawili, pamoja na kitufe cha "Jifunze Zaidi". Ukurasa wa zamani uliwaandikisha wageni 8.26 katika kila 100. Huu mpya, 11.6. Ongezeko la asilimia 40.6, kwa kubadilisha picha moja na maneno mawili.

Nimekaa na habari hii mara nyingi nikijiuliza kwa nini "Jifunze Zaidi" iliishinda "Jisajili". Jaribio lenyewe halisemi. Linakwambia kipi kimeshinda, halikwambii kwa nini. Lakini mimi nikitazama kwa macho ya kwetu naona jambo la hodi na karibu. Mgeni akibisha hodi, unamkaribisha, unampa kiti, unamletea maji, mnajuliana hali. Ndipo umwulize shida iliyomleta, au umweleze yako. "Jisajili" ni sawa na kumdai mgeni jina na anwani akiwa bado kizingitini. Haya ni mawazo yangu, nayo yanahitaji kupimwa kama mengine. Mtu akiniambia amejaribu kwenye tovuti yake na "Jisajili" ikashinda, nitamwamini yeye.

Simulizi hii kwa kawaida humalizikia kwenye fedha. Siroker alipiga hesabu kwamba tofauti ile, ikichukuliwa hadi mwisho wa kampeni, ilileta anwani za ziada zipatazo 2,880,000, na kupitia anwani hizo michango ya ziada ya dola milioni 60. Nami nawasihi muitenge namba ya wageni na hii ya fedha. Wageni 310,382 walihesabiwa, na kwa watu 13,000 kila upande, pengo la 8.26 kwa 11.6 halifanywi na bahati. Dola milioni 60 hazikuhesabiwa namna hiyo. Zimepatikana kwa kudhani kwamba pengo la Desemba lilibaki vile vile hadi uchaguzi wa Novemba 2008, na kwamba walioongezeka walichangia sawa na wengine. Inawezekana. Ila anayekuuzia programu za kupima kurasa atakutajia zile milioni 60 kwanza, na ni haki yako kujua zimetoka wapi.

Msidhani kwamba wale wa kampeni walikosea kwa kuwa walikuwa wageni katika kazi. Pale Microsoft, Ron Kohavi aliyeongoza majaribio kwa miaka mingi ameandika kwamba katika mawazo yaliyopimwa huko, kama theluthi moja yalisaidia, theluthi hayakubadilisha kitu, na theluthi yaliharibu. Fikirini hilo. Watu waliosomea kazi hiyo, wanaolipwa kwa kazi hiyo, na katika kila mawazo matatu moja linarudisha duka nyuma. Mwaka 2012 mfanyakazi mmoja wa injini yao ya kutafutia, Bing, alipendekeza mabadiliko madogo ya namna vichwa vya matangazo vinavyoonyeshwa. Wazo likawekwa kwenye orodha ya mambo yasiyo na haraka, likakaa zaidi ya miezi sita. Siku mhandisi mmoja alipoamua kulijaribu, mapato yakapanda kwa asilimia 12, sawa na zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa Marekani pekee. Wakubwa waliolipita wazo lile hawakuwa wajinga. Jicho la mtu, hata la fundi, halina uwezo wa kuona ndani ya vidole vya maelfu ya watu wengine.

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya makampuni ya ng'ambo na mabilioni yao. Sivyo. Asili yake iko shambani. Kuanzia mwaka 1919 Ronald Fisher alifanya kazi Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini ya London. Hapo kulikuwa na swali ambalo kila mkulima analijua: nimetia mbolea, mahindi yamestawi, je, ni mbolea, au upande huu wa shamba una rutuba zaidi? Jawabu lake lilikuwa kuligawa shamba vipande na kuchagua kwa kura kipande kipi kipate mbolea, ili mkono wa mkulima usije ukakipendelea kipande kizuri. Mwaka 1935 alikitoa kitabu juu ya kupanga majaribio, na kurasa zetu za leo zinakula kwenye sahani ile ile.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, jaribio la namna hii limefanywa kwa jambo zito kuliko kanga na kura. Katika miaka ya 1990, magharibi mwa Kenya, Busia na Teso, mchumi Michael Kremer na wenzake walifanya kazi na shule 100 za msingi. Swali lilikuwa kama kuwapa watoto vitabu vya kiada kutainua alama zao. Nani angebisha? Darasa zima linagombania kitabu kimoja. Ukileta vitabu, watoto watafaulu. Shule zikagawanywa makundi, nyingine zikapata vitabu mapema, nyingine zikangoja zamu. Alama zilipolinganishwa, kwa wastani hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari mbele. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na wengi hawakuweza kuvisoma vikawafaa.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliumia, kwa sababu mimi nami ningechangia vitabu. Ningechangia, ningepigwa picha na watoto, ningerudi nyumbani nikiamini nimetenda. Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliopata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi za namna hiyo.

Sasa nirudi kwenye ile bahati niliyoahidi.

Mpwa wangu alipolielewa wazo, akachangamka. Zamani palikuwa na chombo cha bure cha Google cha kufanyia majaribio haya, Google Optimize, lakini kilifungwa mwezi wa Septemba 2023, kwa hiyo kijana anayemtengenezea ukurasa akamwandikia mistari michache ya programu ya kuwagawa wageni. Siku ya saba simu ikalia.

"Mjomba, tumemaliza. Chekundu kimeshinda, oda saba kwa tatu!"

Saba kwa tatu. Kwa masikio inasikika kama ushindi wa kishindo, zaidi ya mara mbili. Nikamwomba achukue sarafu airushe mara kumi, ahesabu, kisha arudie tena na tena. Ukifanya hivyo, kama mara moja katika kila tatu utapata upande mmoja umetokea mara saba au zaidi. Sarafu haina kitufe chekundu. Haina ujuzi wa wateja. Ni bahati tu inacheza, na bahati katika namba ndogo hucheza kwa miguu mirefu.

Ipo hatari nyingine ndani ya ile simu yake ya siku ya saba, nayo ni ya kusimama palipokufurahisha. Mfikirie shabiki anayesikiliza mechi ya Simba na Yanga redioni. Timu yake inafunga dakika ya 12, anazima redio, anatoka barazani akitangaza wameshinda. Kesho anafanya vivyo hivyo. Kwa hesabu zake timu yake haijapata kufungwa. Ndivyo alivyo anayechungulia jaribio kila asubuhi na kulisimamisha siku ukurasa anaoupenda unapoongoza. Wanatakwimu wamelipima jambo hili. Ukipanga mwisho tangu mwanzo na kutazama mara moja tu, uwezekano wa kutangaza ushindi pale ambapo kurasa hazina tofauti yoyote ni 5 katika 100, kwa kipimo kinachotumika zaidi. Ukijipa ruhusa ya kuchungulia mara kumi na kusimama popote unapoona ushindi, unafika kama 19 katika 100. Karibu mara moja katika kila tano utakuwa umezima redio dakika ya 12.

"Basi nisubiri hadi lini?" akaniuliza. Swali la haki, na jibu lake si tamu. Chukueni kalamu kama mnayo karibu.

Tuseme katika wageni 100 wa ukurasa wako, wawili wanaagiza. Unataka kujua kama kitufe kipya kinawafikisha 2.4, yaani ongezeko la sehemu moja ya tano. Ili uitofautishe nyongeza hiyo na bahati kwa uhakika wa kuridhisha, unahitaji wageni kama 20,000 kwa kila ukurasa. Elfu ishirini huku, elfu ishirini kule. Mpwa wangu anapata wageni kama 40 kwa siku. Angesubiri siku elfu moja, karibu miaka mitatu, kujua habari za rangi ya kitufe.

Mwaka 2009 mbunifu Douglas Bowman aliondoka Google akilalamika, pamoja na mengine, kwamba timu moja ilishindwa kuchagua kati ya buluu mbili ikaamua kupima buluu 41 zilizo katikati yake. Watu waliicheka Google, lakini Google ilikuwa na wageni wa kutosha kujibu swali hilo. Mwenye duka dogo hana. Na hapa ndipo ninapoona vijana wetu wakidhulumiwa na mafunzo yanayouzwa mitandaoni: wanafundishwa kupima mambo madogo ya watu wenye umati, wakati wao wana wageni arobaini.

Ila tazama hesabu inavyogeuka ukiuliza swali kubwa. Ukitaka kujua kama ukurasa mpya unawatoa wateja kutoka wawili hadi wanne katika 100, unahitaji wageni kama 1,200 tu kwa kila upande. Jumla 2,400. Kwa wageni 40 kwa siku, ni siku 60. Tofauti ikiwa kubwa, macho machache yanatosha kuiona. Kwa hiyo mwenye duka dogo aache rangi. Abadilishe kitu ambacho mteja atakihisi hata akiwa na haraka kwenye daladala.

Na atakijuaje kitu hicho? Kwa kuzungumza na wateja, ndugu zangu. Hakuna programu inayochukua nafasi ya kumpigia simu mtu aliyeanza kuagiza akaacha, ukamwuliza kwa adabu kilichomzuia. Mpwa wangu aliwapigia kumi na wawili. Wengi walimwambia jambo moja: hawakujua nauli ya bodaboda itakuwa kiasi gani, wakaogopa kuzidishiwa mlangoni. Wengine wakasema picha ya kanga ikiwa imevaliwa na mtu ni nzuri, lakini hawakuweza kulisoma jina. Mjue kanga inanunuliwa kwa jina lake kama inavyonunuliwa kwa rangi. Mwanamke hampelekei wifi yake doti ambayo hajaisoma inasema nini.

Hapo akapata ukurasa wa pili wa kweli. Kanga imetandazwa, jina linasomeka bila kukuza picha, na bei ni moja tu, pamoja na kuletewa hadi mlangoni. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hivyo, ukurasa ukishinda hutajua ni lipi lililoshinda. Hiyo ni hasara, na nilimwambia. Akasema, "Mjomba, mimi nataka kuuza kanga, sitaki kuandika tasnifu." Nikakubali.

Kabla hajaanza tulikaa tukabishana jambo lililochukua jioni nzima, nalo ni hili: atahesabu nini? Yeye alitaka kuhesabu mibofyo ya kitufe cha kuagiza. Mimi nilikataa. Biashara yetu nyingi hapa ni ya kulipa baada ya kupokea. Mtu anaagiza, bodaboda anafika, mtu anasema, "Ah, nilidhani bei ni pamoja na nauli," mzigo unarudi, na nauli ya kwenda na kurudi imeliwa na muuzaji. Ukurasa unaoficha nauli utashinda kila shindano la kubofya. Utakuwa unakufilisi huku chati yako inapanda.

Hata wakubwa wameteleza hapo. Katika jaribio moja la Bing, kasoro ya programu ilisababisha watu waonyeshwe majibu mabaya mno. Matokeo? Idadi ya maswali kwa kila mtu ilipanda zaidi ya asilimia 10, na mapato kwa kila mtu zaidi ya asilimia 30. Watu walikuwa hawapati wanachotafuta, wakauliza tena na tena, wakabofya matangazo kwa kukata tamaa. Mtu anayehesabu mibofyo angewaandalia karamu walioharibu programu. Microsoft ikaona afadhali kuhesabu mara ngapi mtu anarudi tena kuitumia, kwa kuwa aliyehudumiwa vibaya harudi.

Na kuna mipaka ambayo hesabu yenyewe haitakuonyesha. Mnamo Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook iliwabadilishia watu 689,003 mchanganyiko wa wanayoyasoma, wengine wakipunguziwa maneno ya furaha, wengine ya huzuni, ili ionekane kama hisia zinaambukiza. Hawakuambiwa. Utafiti ulipochapishwa mwaka 2014, watu walikasirika, na mimi nikiwamo. Kumwonyesha mtu picha ya kanga iliyotandazwa badala ya iliyovaliwa hakumwondolei kitu. Kumtia mtu simanzi bila yeye kujua, ili upate namba, ni kumgusa mahali ambapo hakukupa ruhusa. Nami naweka kwenye kundi hilo hilo saa ya uongo inayohesabu "zimebaki dakika tano", na lile tangazo la "zimebaki doti mbili tu" wakati ghalani ziko mia. Vinaweza kushinda jaribio. Sitaki mpwa wangu avijaribu hata akiwa na hakika vitashinda.

Tukakubaliana hivi. Atahesabu fedha iliyoingia mkononi baada ya mzigo kupokelewa na kubaki kwa mteja, kisha atoe nauli. Ataanza wiki tatu baada ya Idi, mambo yakiwa yametulia. Ataendesha siku 60, ili mwisho wa mwezi uzipitie kurasa zote mbili mara mbili. Hatasimamisha katikati, isipokuwa kitu kikiharibika kabisa. Na kila Ijumaa atahesabu jambo moja tu, kama wageni wanagawanyika nusu kwa nusu, maana programu ikipeleka mia saba huku na mia tatu kule, basi mgawanyo umeharibika na matokeo yote ni ya kutupwa.

Akaniomba niseme mimi nadhani upi utashinda. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi, yeye akaandika chake, tukavikunja, akavitia chini ya mzigo wa kanga kwenye kabati la mama yake. Leo ni siku ya thelathini na nane. Asubuhi alinipigia kuniambia mgawanyo uko sawa, wageni mia saba na hamsini na kitu kila upande. Kuhusu fedha hakusema, nami sikuuliza.